Posa kwa Vipande

Stendi ya Kayanga siku ya soko haina adabu. Mabasi ya Bukoba yanapiga honi bila sababu, bodaboda wanakatiza katikati ya watu kana kwamba barabara waliilima wao, na akina mama wa maparachichi wamepanga mafungu yao hadi mtu akose pa kukanyaga. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanaume mmoja mrefu, shati la bluu limepigwa pasi vizuri, raba nyeupe zimeshageuka rangi ya udongo, na kifuani amekumbatia mfuko wa unga wa sembe. Ndani ya mfuko mlikuwa na laptop. Pembe yake moja ilikuwa inachungulia.

Kemigisha alikuwa ametoka kununua muhindi wa kuchoma. Alipomwona mtu yule alisimama, muhindi mdomoni, maana alimjua. Alijua ana kovu dogo chini ya kidevu. Alijua kwamba akitaka kusema jambo zito hupangusa uso kwa kiganja kwanza, na akicheka hugeukia pembeni kama mtu anayeomba ruhusa. Yule bwana yeye hakumjua Kemigisha hata kidogo, na hawakuwahi kukutana. Kemigisha alikuwa anaediti video katika studio ya mama Costansia, mkabala na stendi, na mwaka uliopita sherehe ya posa ya bwana huyu ilikaa kwenye kioo cha kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Samahani dada," yule mwanaume alisema. "Studio ya Costansia ni ipi?"

"Ni ile pale. Twende, ndiko ninakofanya kazi."

Tusimpambe Kemigisha zaidi ya alivyo. Msichana wa Nyakahanga, anakaribia thelathini, sweta ya kijani, sketi ya kitenge, rasta zimefungwa nyuma kwa kitambaa; sura nzuri, ila macho yake yalikuwa yanamtazama mtu bila kumfikia. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakuteswa na mtu. Alikuwa na mchumba, Edgar, ambaye aliacha tu kupiga simu, polepole, mpaka ikawa hapigi kabisa. Kemigisha aliyangoja machozi, machozi hayakuja, akarudi kazini. Tangu hapo kutwa nzima alikaa mbele ya furaha za watu, sauti ameipunguza, anakata. Shangazi anapiga miayo, kata. Mama mkwe amenuna, kata. Wapishi wa shughuli husema wameshiba moshi, hata wakiwekewa sahani mbele hawali. Ndivyo alivyokuwa yeye na harusi.

Mama Costansia siku hiyo alikuwa Kyerwa kwenye kipaimara, kwa hiyo mgeni alieleza shida yake kwa Kemigisha peke yake. Aliitwa Kashaija, mfanyabiashara wa maharage wa Murongo, kule mpakani na Uganda. Yule binti aliyemposa Bweranyange, Nikuze, alikuwa amempata mtu mwingine Mwanza na posa imevunjika. Wazazi wa binti ni watu waungwana, wamerudisha kila kitu: mbuzi, mablanketi, majembe, kanzu ya mzee. Kimebaki kitu kimoja tu nje, video ya siku ile. Mama yake Kashaija, bibi Anatolia, ameshatamka kwamba mwanawe hatagonga mlango wa watu wengine wakati mkono mmoja bado uko kwenye nyumba ya kwanza.

"Kwa hiyo na hicho nacho kirudi," Kashaija alisema.

Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya gunia. Kemigisha aliisikia sauti ile akaitambua, maana ndiyo aliyokuwa anaitumia yeye mwenyewe kila siku.

Kazi haikuwa rahisi. Laptop aliachiwa na kaka yake, mwalimu Ildefonsi, alipohamia Dodoma, na Kashaija aliitumia kupigia nyimbo tu ghalani. Matundu ya kuchomekea flashi moja lilikuwa limevunjika, mengine yameziba vumbi la maharage. Na video yenyewe ilikuwa nzito, picha zote za siku nzima, kamera mbili. Basi Kemigisha akamwambia atamtumia kwa mtandao, kwa vipande, kwa sababu yote kwa pamoja mtandao wa Murongo hautaibeba. Alimfungulia barua pepe hapohapo, akamwonyesha namna ya kuunga laptop kwenye mtandao wa simu yake na kupokea.

"Wewe uvipokee tu uviweke hapa. Usihangaike kuvifungua, havitafunguka. Siku cha mwisho kikifika ndipo vitaungana, uione yote."

Kashaija aliitikia kama mtoto wa shule. Alirudisha laptop kwenye mfuko wa sembe, akafika mlangoni, akageuka.

"Sasa ukinitumia hicho kipande cha kwanza, hapa kwako kinakuwa kimetoka?"

Hapo ndipo alipotakiwa kumweleza. Kutuma si kama kumpa mtu mbuzi, ambaye akiwa zizini kwako hayupo zizini kwangu. Anayepelekwa ni pacha wake, mwenyewe anabaki. Maneno ya dakika mbili. Lakini kulikuwa na mteja anasubiri picha za pasipoti, na Kemigisha alikuwa na ule uchovu wake usioisha kwa kulala.

"Kinatoka," alisema.

Uongo ule haukumgharimu hata pumzi. Kashaija akashukuru, akaenda zake amefurahi.

Masomo ya simu yakaanza. Murongo na Uganda zimetenganishwa na mto Kagera tu, na simu ya huku ikinasa mtandao wa kule inavuka bila kuonyesha kitambulisho. Kipande cha kwanza Kashaija alikipokea simu ikiwa imeshahamia ng'ambo, bando lote likaisha kabla hajamaliza kupiga chafya. Kemigisha akamfundisha kuifunga isivuke, akamwambia akae nyuma ya ghala, mbali na mto. Kashaija akabeba kigoda, akakaa nyuma ya ghala, wapagazi wakimcheka.

"Mwalimu, imeandika Kiingereza," Kashaija alisema kwenye simu.

"Inasemaje?"

"Sijui. Imenuna tu."

"Bonyeza pale chini kulia."

"Kulia kwangu au kulia kwake?"

"Kulia kwako. Laptop haina kulia."

"Aa, basi nilikuwa naionea huruma bure."

Kemigisha alishangaa kusikia mtu anacheka studioni, kisha akagundua ni yeye.

Ikawa hivyo. Kipande kinatumwa, simu inapigwa, kipande kinafika, na simu haikatwi. Kashaija alimsimulia habari za malori, za mama mmoja aliyevusha kuku kumi ndani ya beseni la nguo akimwambia afisa ni mitumba, za mvua; Kemigisha naye akamsimulia ya kwao Nyakahanga, na ya baba yake Mlutheri. Kashaija alimuuliza kila mara kama amekula. Akisikia bado, anasema basi leo hapokei kitu mpaka mwalimu ale kwanza, na kweli anazima laptop. Kemigisha akawa anatoka kwenda kula. Baada ya muda akaanza kuvikata vile vipande vidogo zaidi ya alivyokuwa anavikata mwanzo. Hakuna aliyemwagiza, na mtandao wa Murongo haukuwa umeharibika zaidi. Alivikata tu.

Sitaki mtu aseme hapo ndipo mapenzi yalipowaka. Hayakuwaka. Ukikalia mguu mpaka ukafa ganzi, siku unapoanza kuamka hausikii raha, unasikia sindano. Kemigisha alisikia sindano. Alikuwa anakaa mbele ya harusi ya watu, simu inaita, na kitu kinamchoma kifuani mpaka anaudhika.

Jioni moja Kashaija akapiga, sauti imetulia.

"Mwalimu, unajua kila kimoja kikifika nasikia mwili mwepesi? Nimemwambia mama vimebaki vichache. Amefurahi sana."

Kemigisha akaitazama ile video kwenye kioo chake, iko vilevile.

"Upo?"

"Nipo."

"Cha mwisho kikifika nina maneno na wewe. Si ya laptop."

"Ya nini?"

"Ya Nyakahanga," Kashaija alisema, na Kemigisha alijua kabisa kwamba amegeukia pembeni.

Nyakahanga ndiko kwao. Mtu mzima hahitaji kufafanuliwa. Usiku ule Kemigisha alijiambia lazima amwambie ukweli, atamwambia kesho. Kesho yake Kashaija alipiga akiwa na furaha mno, akaona asimharibie. Akajiambia akimaliza vipande vyote ataifuta ya studio kimyakimya, na uongo utakuwa umegeuka ukweli wenyewe bila mtu kuumia. Wavivu wote hufikiri hivyo. Kikawa kimebaki kipande kimoja, naye akawa hakitumi, anasema mtandao mbovu.

Sasa, mama Costansia. Huyu ni mwanamke wa Muleba, mnene, mcheshi, sauti ya kuongozea kwaya, kitenge hakirudiwi mara mbili ndani ya wiki. Dukani kwake alikuwa na TV kubwa imetazama barabarani, na kila mara alibadilisha sherehe ya kuonyesha ili abiria wa stendi wajue nani bingwa wa video Karagwe. Alikuwa hajui lolote la Kashaija. Jumamosi moja akachagua posa ya Bweranyange, kwa kuwa ilikuwa na rangi nzuri, akaiweka, akafungua na spika. Kemigisha alikuwa chumba cha nyuma, ametia vizibo vya masikio, anaediti.

Alipotoka kunywa maji alimwona Kashaija kupitia kioo. Hakuwa amesema anakuja. Alikuwa amevaa shati jipya la kahawia, na begani ana mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani yake mwenyewe, mzuri, wa kumpelekea mtu unayemheshimu. Alikuwa amesimama mbele ya TV pamoja na abiria. Kwenye TV alikuwepo yeye, kanzu na koti, amepiga magoti mbele ya wazee wa Bweranyange, na pembeni yake Nikuze ndani ya gauni la gomesi la rangi ya dhahabu. Abiria mmoja aliyekuwa anamenya chungwa alitazama TV, akamtazama jirani yake, akatazama TV tena.

"Si wewe huyu?" akamuuliza. "Hongera, kaka."

Kashaija aliingia. Alimwamkia mama Costansia shikamoo, kama mtu aliyelelewa. Kisha akamgeukia Kemigisha.

"Kumbe bado iko."

"Kashaija, ngoja nikueleze."

"Ulisema kinatoka."

"Nilisema."

Alipangusa uso kwa kiganja. "Nimemwambia mama vimerudi. Wazee wamekaa, wakanywa, wakafunga maneno. Mimi ndiye niliyesimama nikawaambia vimerudi vyote, bado kimoja kiko njiani."

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Aliuweka mkungu chini, taratibu usije ukachubuka, akatoka. Mama Costansia akauliza kama huyo siye bwana harusi wa kwenye TV, na kama ndizi ni za studio.

Kemigisha alipiga simu. Iliita, haikupokewa. Alipiga tena, akaambiwa haipatikani. Akaandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi, ukaenda, ukakaa bila jibu. Mama Costansia alizipika zile ndizi na maharage, zikaiva vizuri, Kemigisha akala na hakujua amekula nini. Wiki zikapita, harusi zikaja, akakata. Ile ganzi ilirudi ikamkalia kama mwenyeji aliyekuwa ametoka kidogo. Nyumbani Nyakahanga mama yake alimuuliza anaumwa nini, akajibu haumwi. Alikuwa anasema kweli, maana hakuna palipouma.

Mwishoni aliamua kuifuta ile video, Kashaija atake asitake. Aliifungua kwanza ahakikishe ndiyo. Na kwa sababu duka lilikuwa limetulia, mvua inanyesha, alifanya jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya kwenye zile picha za pembeni ambazo hazitumiki: alipandisha sauti.

Ilikuwa sehemu aliyoikata mwaka uliopita kwa kuwa kamera ilikuwa inayumba. Bwana harusi anacheka na wajomba upande wa pili wa turubai. Nikuze amekaa na mdogo wake, hajui kwamba kinasa sauti alichobandikwa kwenye gomesi bado kinafanya kazi. Anamnong'oneza mdogo wake amwangalie yule mwanaume, akicheka anageuka kwanza. Anasema watakapokuwa kwao atamfundisha kucheka akiwa amemtazama yeye. Halafu anaweka kiganja mdomoni, na macho yake yanang'aa kwa namna ambayo hakuna bibi harusi anaweza kuigiza. Kemigisha aliyajua macho ya kuigiza. Alikuwa ameyakata miaka yote.

Basi Nikuze naye aliliona lile la kugeuka. Alimpenda, siku ile alimpenda kweli, kabla ya Mwanza na kabla ya mengine yote.

Kemigisha akaumia. Wivu ulimshika hapa chini ya mbavu, mkali, wa aibu, wivu wa kumwonea mtu aliyekwisha kuondoka. Alikaa pale, mvua inapiga bati, na akamtaka Kashaija mpaka akashindwa kuvuta pumzi vizuri.

Alikwenda kwa mama Costansia akamweleza mwanzo mpaka mwisho, na uongo wake humo. Mama Costansia alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo Kayanga haijawahi kulishuhudia.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimetoka Muleba, lakini hata kwetu kitu kilichorudishwa hakianikwi barabarani. Ungeniambia tu."

Waliihamisha yote kwenye diski moja ndogo nyeusi, kisha wakaifuta kwenye mashine zote za studio, moja baada ya nyingine, mama Costansia mwenyewe akihakikisha. Asubuhi yake Kemigisha alivaa gauni lake la bluu la kanisani, akachukua gari la Murongo.

Murongo ilikuwa na foleni ya malori hadi juu, wabadilisha fedha wakiita kwa lugha tatu, na wanawake wakipanda kutoka mtoni na mizigo kichwani. Ghala la Kashaija aliuliza mara moja tu akaonyeshwa. Alimkuta amevaa koti la kazi, nywele zimejaa vumbi la maharage, anashona mdomo wa gunia. Wapagazi walipomwona msichana mwenye gauni la bluu wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nje.

Kashaija alimkaribisha akae kwenye gunia. Akamuuliza habari za safari, habari za nyumbani, habari za mama Costansia. Alijibiwa nzuri zote. Kisha salamu zikaisha, na sindano ya kushonea gunia ikawa bado mkononi mwake.

"Nilikudanganya," Kemigisha alisema. "Kutuma hakutoi. Nilijua tangu siku ya kwanza ulipouliza pale mlangoni. Niliona uvivu kukueleza. Baadaye nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Usije ukaacha kupiga."

Kashaija alishona mishono miwili, akaacha.

Kemigisha akatoa diski kwenye mkoba, akaiweka mkononi mwake. "Iko humu yote. Studioni haipo tena. Ukiwa nayo wewe, hakuna mwingine aliye nayo."

Kashaija aliipima kwa mkono kama anavyopima maharage. Kitu cha kushika alikielewa. Aliuliza vile vipande vilivyoko kwenye laptop je, na Kemigisha akamwambia bila cha mwisho ni mzigo tu, havitafunguka kamwe; akitaka vinaondoka sasa hivi. Kashaija akaileta laptop kwenye gunia, na Kemigisha akavikuta vyote vimepangwa kwa mstari, havijaguswa. Alivifuta mbele yake. Laptop ikabaki na zile nyimbo zake za ghalani.

"Na hii diski?" Kemigisha akauliza. "Unataka ivunjwe?"

"Ya nini kuvunja? Mbuzi waliorudi tuliwala. Ifute uwekee watu harusi zao." Kiganja kikapanda usoni, kikashuka. "Ila kabla hujaifuta. Mimi sikutaka kuiona yote. Nilitaka sehemu moja tu, sijui ni ipi. Nilitaka kumwona usoni. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya watu wote wale, na huwa najiuliza, je, kila mtu alikuwa anaona kwamba hanitaki isipokuwa mimi? Nilikuwa mjinga tangu siku ile ile?" Akamtazama. "Wewe umeitazama kuliko mtu yeyote. Niambie wewe, nisihangaike kuifungua."

Huko nje lori liliwashwa, likazimika. Kemigisha aliona maneno mawili mbele yake, yote mepesi kutamka. Moja lilikuwa uongo, na uongo ule ungemfungulia mlango saa hiyo hiyo. Hakuwa mvivu siku hiyo.

"Alikutaka," alisema. "Siku ile alikutaka kweli. Kuna mahali anamwambia mdogo wake kwamba ukicheka unageuka, na kwamba atakufundisha kucheka ukimtazama. Hakuwa anajua kama anasikika. Nilimwona macho. Kilichotokea baadaye sikijui, lakini siku ile hukuwa mjinga, Kashaija. Ulichokiona kilikuwepo."

Mwanaume mzima aliinamisha kichwa juu ya magoti. Mabega yalitikisika, bila sauti, kwa muda mrefu. Kemigisha hakumgusa. Alikaa juu ya gunia lake, na kila tone lililoanguka sakafuni kwa ajili ya mwanamke mwingine lilimuuma kivyake, akaliacha limuume.

Hatimaye Kashaija alijifuta kwa mkono wa koti, uso ukabaki na michirizi ya vumbi.

"Kwa nini hukunidanganya tena? Ungesema hakunitaka, mimi wiki ijayo ningekuwa kwenu."

"Ndiyo maana nimekwambia. Sitaki uje kwa uongo mwingine," Kemigisha alisema.

Kashaija alimtazama. Alimtazama vile mtu anavyolitazama gunia kabla ya kulibeba, akijiuliza kama mgongo utaweza. Kisha akainuka, akavua koti la kazi, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari.

"Baba yako ni Mlutheri wa pombe au wa soda?"

Kemigisha alichelewa kuelewa. Alipoelewa, machozi aliyoyangoja tangu enzi za Edgar yakaja yote kwa mkupuo, yakamkuta anacheka.

"Wa pombe," alisema. "Ila anapenda aonekane wa soda."

"Basi nitakuja kwenu na vyote viwili," Kashaija akasema, akacheka, na safari hii hakugeuka.